Joto la Julai Nalo Ni Suala la Chama

Ndugu wanachama, katika mkutano wetu wa mwezi uliopita nilisimama nikaomba suala la viyoyozi vya nyumbani liingizwe katika ajenda. Baadhi ya ndugu walicheka. Mmoja, jirani yangu kabisa, aliniambia, "Kiongozi, sisi ni watoto wa Uvira na Kigoma. Chicago ni mji wa theluji. Joto la hapa litatufanya nini?" Wengine wakapiga makofi. Muda ulikuwa umekwisha, nikakaa. Leo namjibu kwa maandishi, yeye na wote waliopiga makofi.

Kwanza, ni kweli kwamba hapa baridi ndiyo bwana. Sheria ya jiji yenyewe inaonyesha hivyo. Kuanzia tarehe 15 Septemba mpaka tarehe 1 Juni, mwenye nyumba anayetoa joto pamoja na kodi lazima ahakikishe nyumba ina nyuzi 68 za Fahrenheit mchana na 66 usiku. Mpangaji akitetemeka kwa baridi ana pa kushtaki. Lakini ikifika Julai, mpangaji huyo huyo ameachwa peke yake. Kiyoyozi anunue yeye, akifunge yeye, akitengeneze yeye, na umeme alipe yeye.

Pili, joto la hapa si joto la kwetu. Kule Uvira ziwa linapuliza upepo, mlango uko wazi, na jua likizama watu hukaa uani. Hapa tunaishi ghorofa ya tatu, juu yetu paa la lami, ukuta wa matofali, dirisha moja linalotazama uchochoro. Matofali hula jua mchana kutwa, usiku yanalitapika ndani ya chumba. Unyevunyevu nao hauruhusu jasho likauke. Mwili hauoni mapumziko.

Anayedhani natia chumvi na aulize habari za Julai 1995. Tarehe 13 ya mwezi ule joto lilifika nyuzi 106 katika uwanja wa ndege wa Midway, yaani kama 41 za Selsiasi. Hesabu iliyofanywa baadaye ilionyesha vifo 739 zaidi ya kawaida ya siku zile. Chumba cha maiti kilijaa, yakaletwa malori ya friji kuhifadhi miili. Wengi wa marehemu walikuwa wazee wa kipato kidogo waliokuwa wakiishi peke yao. Hawakufia barabarani, walifia vyumbani mwao. Na Mei 2022, katika jengo la wazee mtaani Rogers Park, wanawake watatu walifariki katika siku za joto. Wakazi walikuwa wamelalamika, lakini mitambo ya kupasha nyumba joto ilikuwa bado inafanya kazi. Baada ya hapo ndipo halmashauri ya jiji ikapitisha sheria kwamba nyumba za wazee na majengo makubwa yawe na chumba cha pamoja chenye ubaridi. Ni hatua njema. Lakini wengi wetu hatukai katika majengo makubwa. Tunakaa katika nyumba za ghorofa mbili na tatu ambazo sheria hiyo haikuzigusa.

Sasa nije kwenye mfuko wetu. Kiyoyozi katika mji wa baridi kinafanya kazi miezi mitatu na kulala miezi tisa. Kwa hiyo mtu hukisahau. Mimi mwenyewe nilikisahau. Msimu mmoja wa kiangazi nilikiwasha, kikanguruma, kikatoa hewa ya uvuguvugu, halafu kikaganda barafu kwa ndani. Nilikuwa zamu ya usiku, kulala kwangu ni mchana, nikaona sina njia. Nikaita fundi wa kampuni moja. Dola 95 kuja kutazama tu. Akasema gesi imekwisha, dola 180 nyingine. Jumla 275. Kwa mshahara wangu wa wakati ule, dola 19 kwa saa, hizo ni zaidi ya saa 14 za kazi, kabla ya makato. Ni karibu na bei ya mashine mpya ya dirishani. Baada ya wiki mbili barafu ikarudi.

Aliyeniokoa ni ndugu yetu wa idara ya mitambo ya barafu kiwandani. Alikuja Jumapili, akafungua uso wa mashine, akachomoa chujio. Lilikuwa limejaa vumbi kama blanketi. Tukaliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tukaliacha likauke kabisa, tukasugua mabati membamba ya nyuma ya chujio kwa brashi laini. Jioni ile nilijifunika shuka. Gharama yake ilikuwa sabuni.

Akanieleza jambo ambalo nataka kila mwanachama alishike. Gesi ya kiyoyozi si mafuta ya gari, haiishi kwa kutumika. Mashine ya dirishani hufungwa kiwandani, na gesi huzunguka humo humo. Ikiwa imepungua, basi pametoboka, na kuongeza bila kuziba ni kumwaga maji katika pakacha. Tena sheria ya Marekani inataka anayeshika gesi hiyo awe na cheti. Muulize fundi cheti chake, na muulize tundu liko wapi. Asipokuwa na jibu, mpe asante yake aende.

Kazi nyingine si za fundi, ni zetu. Wakati wa joto osha chujio angalau mara moja kwa mwezi. Chomeka mashine moja kwa moja ukutani, usitumie waya mwembamba wa kuongezea, maana waya huo hupata moto na nyumba huungua. Ifungwe imara, isije ikaanguka juu ya mpita njia. Oktoba itoe dirishani, ikaushe, uifunike, kwani ukiiacha baridi yote hupita pembeni mwake na bili ya joto hupanda. Mwenye kiyoyozi cha nyumba nzima naye ajue kwamba mara nyingi chujio lake ndilo hilo hilo la tanuri la majira ya baridi. Asipolibadilisha analipa mara mbili kwa mwaka.

Umeme nao tuupigie hesabu badala ya kuuogopa. Chukua mashine inayokula wati 700. Kwa saa nane ni yuniti 5.6. Yuniti ikiwa senti 17, hiyo ni senti 95 kwa siku, karibu dola 29 kwa mwezi. Si kidogo kwa mwenye watoto watano, lakini ni chini ya dola 275 za yule fundi. Najua wazee wanaozima mashine wakihofia bili, wakakaa katika chumba kama tanuri. Tuwaeleze hesabu hii.

Lakini usafi wa chujio hautoshi, na hapa ndipo chama kinapoingia. Mtu aliyelala saa mbili katika joto anakuja usiku kushika kisu na kusimama mbele ya mkanda unaokimbia. Akikatika kidole, mwajiri ataandika "uzembe." Hataandika kwamba chumba chake kilikuwa nyuzi 90 mchana kutwa. Kwa hiyo usingizi wa mfanyakazi ni jambo la usalama kazini.

Napendekeza mambo matatu. Moja, tawi liunde kamati ya mafundi wetu wenyewe, kila Mei wapite kwa wanachama, kwanza kwa wazee na wa zamu ya usiku. Pili, mkataba ujao uwe na kifungu cha siku za joto kali: mwanachama aweze kubadilishana zamu bila adhabu. Tatu, tuungane na vyama vya wapangaji kudai kwamba kama mwenye nyumba analazimishwa kuzuia baridi, alazimishwe pia kuzuia joto.

Shule yangu ilikomea darasa la sita. Sijui mengi ya sayansi. Lakini najua kwamba haki ya joto wakati wa baridi haikuanguka kutoka mbinguni. Watu waliidai. Ndugu yangu uliyecheka, njoo mkutanoni uilete hoja yako tena, nami nitakuja na chujio langu la zamani ulione.

Umoja ni nguvu.