Wasomi wa afya ya jamii wakatahiniwe Kisaki

Leo nina ugomvi na wasomi. Kwa kuwa nami nimepita chuo kikuu, uchukulieni kama ugomvi wa ndani ya nyumba.

Hoja yangu ni fupi: mtu asipewe shahada ya uzamili ya afya ya jamii kabla hajatahiniwa mahali kama Kisaki.

Kwa wasiopajua, Kisaki ni Morogoro Vijijini, nyuma ya milima ya Uluguru, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Reli ya TAZARA inapita hapo. Kwa gari unapitia Matombo na Mvuha, na masika ndiyo yanayoamua kama utafika. Jamii inayotajwa kwenye jina la shahada ndiyo hiyo, inaishi huko.

Sasa tazama tunavyowaandaa wataalamu wake. Mwanafunzi anakaa darasani, anameza nadharia, anakwenda kijijini siku chache na dodoso lake, kisha anarudi mjini kuandika tasnifu kwa Kiingereza. Inasomwa na msimamizi na watahini, halafu inapanda kabatini. Mama aliyejibu dodoso haambiwi kilichoonekana. Mhitimu naye anaanza kutafuta nafasi wizarani au kwenye mradi wa wafadhili. Shahada imegeuka nauli ya kuondokea!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia nyingine ilishajaribiwa hapa hapa Morogoro. Miaka ya 1990 Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada walianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Wakusanya takwimu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefariki na alikuwa na dalili gani. Majibu yakawekwa mbele ya viongozi wa afya wa wilaya, kando ya bajeti yao.

Jamani, ilikuwa aibu. Morogoro, malaria ilichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya 1996 ilitengewa kama asilimia 5 tu. Wilaya zikapanga upya. Fedha za nyongeza zilizotumika hazikufika dola 1 kwa mtu kwa mwaka. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hata ukisema kulikuwa na sababu nyingine zilizosaidia, huwezi kukataa kwamba fedha zilianza kufuata vifo. Na waliopanga ni watumishi wa wilaya wenyewe, si maprofesa.

Basi elimu ya uzamili ijengwe juu ya kazi hiyo. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, nusu ya muda wa masomo iwe halmashauri, mwanafunzi akifanya kazi chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya.

Pili, badala ya tasnifu, aandae mpango na bajeti ya mwaka ya eneo moja: watu wanakufa kwa nini, shilingi zinakwenda wapi, kipi kipunguzwe na kipi kiongezwe. Mganga Mkuu awe na sehemu ya maksi.

Tatu, autetee mpango huo kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji. Akishindwa kuwaeleza wazee wa Kisaki kwa nini fedha ziende kwenye vyandarua na si kwenye ukarabati wa ofisi, hajafaulu. Arudie.

Najua mtasema nashusha kiwango cha elimu. Kiwango kipi? Kugawa fedha chache mbele ya watu watakaoumia ukikosea ni mtihani mgumu kuliko tasnifu yoyote. Mtasema pia haiwezekani. Mbona tangu 2008 Tanzania ina programu ya mafunzo ya epidemiolojia ambayo wanafunzi wake wanatumia sehemu kubwa ya miaka 2 kazini, wakifuatilia milipuko ya magonjwa? Kama inawezekana kwa milipuko, inawezekana kwa vifo vya kila siku visivyoandikwa magazetini.

Mtasema hakuna fedha. Hapo ndipo huwa nacheka. Semina za kujadili afya ya vijijini zinafanyika hoteli za Morogoro mjini, maji ya chupa mezani na posho mfukoni. Zipunguzwe chache tu, mwanafunzi apate chumba cha kupanga na nauli ya kwenda Kisaki.

Mwaka 2010 tume ya wataalamu 20 wa mataifa mbalimbali, chini ya Julio Frenk na Lincoln Chen, ilisema katika jarida la The Lancet kwamba mitaala ya afya duniani imepitwa na wakati. Sawa, lakini mkulima wa Kisaki aliyezika mtoto kwa homa hakuhitaji tume kumwambia hivyo. Alihitaji mtu mmoja aliyesoma, anayejua kuisoma bajeti ya wilaya yake, na aliye tayari kubaki.

Vyuo vyetu vituzalishie huyo. Naomba kutoa hoja.