Jiwe "Lilipatikana"? Na Nani?

Kuna watu wanakusanya mawe ya urani kama wengine wanavyokusanya stempu. Siwalaumu kwa macho yao. Mawe haya ni mazuri kwelikweli: tobanaiti ina vibapa vya kijani kibichi, kyuraiti ina vijisindano vya rangi ya chungwa inayoelekea wekundu, bekerelaiti ina manjano ya asali. Rangi hizi huzaliwa pale madini meusi ya urani yanapokutana na maji na hewa ardhini. Na kwa wakusanyaji, Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi huko Katanga, ni jina la kutajwa kwa heshima.

Ugomvi wangu hauko kwenye jiwe. Uko kwenye lebo.

Lebo ni andiko fupi: jina la madini, mgodi, nchi, na mara nyingi orodha ya waliowahi kulimiliki jiwe. Orodha hiyo inapandisha bei, kwa hiyo hutunzwa kama hati ya shamba. Sasa hebu tuisome lebo kama tunavyosoma riwaya. Nani anasema? Nani ameachwa nje? Mmiliki wa kwanza yupo, wa pili yupo, wa tatu yupo. Aliyeinama shimoni akalitoa hayupo.

Majina yenyewe ya madini nayo yanasimulia. Kyuraiti ni ya Pierre Curie. Bekerelaiti ni ya Henri Becquerel. Shapaiti ni ya Robert Sharp, Mwingereza aliyeitambua urani ya Shinkolobwe mwaka 1915. Sengieraiti, madini mengine ya Katanga, ni ya Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière. Msidhani ni mambo ya Kongo tu. Rutherfodini ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1906 na Mjerumani Willy Marckwald, kutokana na jiwe la milima ya Uluguru, Morogoro. Kusini mwa koloni hilohilo watu walikuwa wanauawa katika vita vya Maji Maji. Jiwe likapewa jina la Ernest Rutherford, wakati huo akifundisha Montreal. Uluguru ikabaki kuwa anwani.

Najua jibu litakalokuja: ndivyo desturi ya sayansi ilivyo, na Rutherford alistahili. Sawa, alistahili. Lakini Sengier alistahili kwa lipi? Mwaka 1940 alisafirisha takriban tani 1,200 za mawe ya Shinkolobwe hadi ghalani Staten Island, New York. Mwaka 1942 aliyauza kwa jeshi la Marekani, na sehemu kubwa ya urani ya Mradi wa Manhattan ikatoka Kongo. Baada ya Hiroshima, Marekani ilimvisha nishani, mwaka 1946. Baadaye akapata na madini. Wachimbaji, je? Union Minière iliweka kumbukumbu za wafanyakazi wake, kwa hiyo tusidanganyane eti hawakuwa na majina.

Jibu la pili lina uzito zaidi: bila wakusanyaji, fuwele hizi zingesagwa zote kiwandani, na elimu ingepotea. Ni kweli. Wakusanyaji wameokoa mengi. Lakini angalia wanavyoelekezana kuyatunza: weka kwenye kisanduku kinachofunga, chumba kipitishe hewa kwa sababu ya gesi ya radoni, usivute vumbi lake, nawa mikono ukishaligusa. Ushauri mzuri kabisa. Sasa linganisha na Shinkolobwe yenyewe. Mgodi ulizibwa karibu na uhuru, ila wachimbaji wadogo wakarudi kutafuta kobalti. Januari 2004 amri ya rais ikaufunga. Julai mwaka huohuo sehemu yake ikaporomoka, watu wanane wakafa. Jiwe lililoko kwenye kabati Ulaya lina uangalizi ambao mtu wa kijiji lilikotoka hajawahi kuupata. Uzuri unaotaka tusahau hilo mimi siutaki.

Na hapa sisi wa Kiswahili tusijifanye watazamaji. Lugha yetu ina kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Ukisema jiwe "lilichimbwa", umeacha mlango wazi. Msomaji anaweza kuuliza, na nani? Ukisema "lilipatikana", umeufunga, kwa sababu kutendeka hakumpokei mtendaji. Jiwe linakuwa kama limejitokeza lenyewe, likapanda meli lenyewe. Kisha soma magazeti yetu kuhusu mradi wa urani wa Mto Mkuju, kule Namtumbo: urani "imepatikana", fursa "zimepatikana". Lebo ya Ulaya tumeshaianza kuiandika wenyewe, tena kwa sarufi safi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mkusanyaji, kabla ya kulipa, muulize muuzaji: lilichimbwa mwaka gani, na nani, kwa ujira gani? Akijibu "sijui", andika hilo "sijui" kwenye lebo, lionekane. Pengo lililoandikwa ni bora kuliko pengo lililopakwa rangi.

Na mwandishi, Katanga wanazungumza Kiswahili. Likasi, Kolwezi, Lubumbashi, watoto na wajukuu wa wachimbaji hao wapo, na huhitaji mkalimani. Kitabu cha Susan Williams cha 2016, *Spies in the Congo*, kimefanya kazi kubwa kuhusu urani hiyo na majasusi walioilinda, lakini kwa Kiingereza. Nani anakwenda kumuuliza mzee wa Likasi baba yake alibeba nini, na alirudi nyumbani na vumbi gani kwenye nguo? Wazee hawangoji. Nauli ya kwenda huko ni ghali, najua, ila hata simu inatosha kwa kuanzia.