Kabla ya kununua vifaranga wa sato, fuga maji kwanza

Leo nasema jambo ambalo baadhi yenu halitawapendeza. Maandiko mengi ya mradi wa bwawa la samaki ninayoletewa yamepanga pesa kichwa chini miguu juu. Kuna fungu la kuchimba, vifaranga, chakula, uzio, mpaka fulana za kikundi. Fungu la maji halipo. Sasa huyo samaki ataishi kwenye nini?

Wengi mmeona kwenye simu zile video za watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga matumbawe ndani ya tangi la kioo sebuleni. Kuna walioniuliza kama na sisi tunaweza kufanya biashara hiyo. Jibu langu ni hapana. Tuko mbali na bahari, na biashara ya kimataifa ya matumbawe inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Lakini nidhamu ya wale watu, hiyo ichukueni yote.

Tumbawe ni mnyama asiyevumilia uzembe. Ndani ya mwili wake kuna mwani mdogo sana unaomlisha kwa nguvu ya jua. Maji yakizidi joto alilozoea kwa nyuzi moja au mbili tu, kwa wiki kadhaa, anaufukuza ule mwani, anapauka, na mara nyingi anakufa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 Bahari ya Hindi, ikiwemo kwetu Mafia. Kwa hiyo mwenye tangi hanunui tumbawe siku anayojaza maji. Anasubiri wiki kadhaa mpaka bakteria wanaovunja amonia ya kinyesi waongezeke. Anapima joto, chumvi na amonia, anabadilisha maji kidogo kidogo, ndipo anaingiza kiumbe kimoja kimoja.

Bwawa lako linaendeshwa na kanuni zilezile, tofauti yake ni kwamba sato ni mvumilivu zaidi. Na uvumilivu wake ndio unaotudanganya, maana anavumilia kimya kimya mpaka alfajiri moja unamkuta tumbo juu.

Kwa nini alfajiri? Mchana ile mimea midogo ya kijani kwenye maji inatengeneza oksijeni. Usiku inaivuta pamoja na samaki, na samadi inayooza chini nayo inavuta. Ikifika saa kumi na moja, oksijeni imebaki kidogo kabisa. Ukiona samaki wamejaa juu wanahema, acha chakula, acha samadi, ingiza maji mapya haraka.

Mnakumbuka Machi 2022, maji ya mto Mara yalipobadilika rangi na samaki wakafa sehemu za chini kuelekea ziwani. Kamati ya serikali ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyomaliza oksijeni. Watu wengi walicheka, na ubishi juu ya mto ule ulikuwa mkubwa. Mimi siingii huko. Ninachosema ni kwamba kwenye bwawa lako hakuna cha kubishana: samadi ikizidi, oksijeni inaisha. Kama samadi nyingi inaua samaki wa bwawani, basi kijana anayemwaga toroli tano kwa mkupuo ili “maji yapate nguvu” anaua mtaji wake kwa mikono yake.

Ushauri wangu ni huu. Bwawa likiwa kavu, tandaza chokaa ya kilimo na uache wiki moja. Jaza maji, weka samadi kiasi ndani ya gunia pembeni, subiri wiki moja hadi mbili maji yawe kijani. Kisha zamisha mkono wima. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kijani kimezidi, acha samadi. Kama bado unakiona vizuri maji yakishapita kiwiko, ongeza kidogo. Kipimo hicho ni bure.

Nunua kipimajoto pia. Sato anakua vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30, na chini ya 20 hamu ya kula inashuka sana. Wewe wa milimani Tarime, ukimwaga chakula asubuhi ya baridi Julai, unalisha matope, na matope yatakula oksijeni.

Halafu idadi. Bwawa la mita 20 kwa 15 ni mita za mraba 300. Kama huna mashine ya kuongeza hewa, weka vifaranga 2 au 3 kwa kila mita ya mraba, yaani 600 mpaka 900. Anayekushawishi uweke 3,000 anauza vifaranga, hafugi.

Najua mtakachosema: “Afisa, mkopo wa halmashauri una tarehe ya kurejesha, tutasubirije wiki tatu?” Nawaelewa. Lakini sato wenyewe wanahitaji miezi sita au zaidi kufika sokoni, na kwenye baridi ni zaidi ya hapo. Wiki tatu ndani ya muda huo ni kitu gani? Ile asilimia 4 ya vijana kwenye mapato ya halmashauri ni pesa inayotakiwa irudi ili na kikundi kingine kikope. Bwawa likifa usiku mmoja, deni linabaki kwenu, na kikundi kilichokuwa nyuma yenu kwenye foleni kinaendelea kusubiri.

Ndiyo maana andiko likija mezani kwangu, kitu cha kwanza natafuta ni fungu la maji: chokaa, kipimajoto, bomba la kuingizia na la kutolea, na tarehe ya vifaranga iliyo wiki tatu baada ya kujaza. Lisipokuwepo, nitalirudisha mkalirekebishe. Mkinuna, nuneni tu. Tukutane siku ya kuvua.