Magadi ya Kariakoo, volkano ya Lengai na swali la maji Engaruka

Ukitaka kuona kazi ya volkano bila kutoka Ilala, nenda Kariakoo kwa wauza viungo. Pembeni ya iliki na karafuu kuna mawe meupe yenye vumbi: magadi. Mama lishe anayatia kwenye maharage yaive haraka, mkaa usiishe. Watengeneza ugoro nao wanayataka.

Sasa mawe hayo ni suala la uchumi wa taifa. Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) kwa miaka kadhaa limekuwa likiandaa mradi wa kuchimba magadi Engaruka, wilayani Monduli, ili viwanda vya kioo na sabuni viache kutegemea ya nje. Wazo ni zuri. Ila historia ya eneo lenyewe inauliza swali ambalo halisikiki sana: maji je?

Magadi yanatoka wapi

Kaskazini mwa Engaruka kuna Oldoinyo Lengai, mlima wa karibu mita 2,960 kwenye nyika kame. Ndiyo volkano pekee duniani ambayo katika zama zetu inatoa lava yenye magadi. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya lava ya kawaida. Inatoka nyeusi kama oili chafu, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulikuwa 2007 na 2008.

Mvua na chemchemi za moto huosha chumvi kutoka kwenye miamba ya Lengai na volkano jirani, kisha kuipeleka mabondeni. Ziwa Natron halina mto wa kulitoa maji. Jua linakausha, magadi yanabaki. Kwa hiyo volkano peke yake haitoshi. Bila ukame, hakuna magadi.

Ukame haukuwa wa siku zote

Kuzunguka Natron na Ziwa Magadi la Kenya kuna mawe yaliyojengwa na vijidudu vya majini, yakiwa juu kabisa ya ufukwe wa leo. Yanaonyesha kuwa kati ya miaka 12,000 na 10,000 hivi iliyopita maji yalikuwa juu kwa karibu mita 50, na maziwa hayo mawili yalikuwa moja. Leo Natron halifiki mita tatu kwenda chini.

Si huku tu. Kule Chad, katikati ya Sahara, kuna shimo la volkano linaloitwa Trou au Natron. Chini kabisa kumetandazwa magadi, lakini wanasayansi wamekuta pia masalia ya konokono na mwani wa ziwa. Kumbe jangwa nalo liliwahi kulowa.

Somo ni kwamba mizani ya mvua na jua katika nchi hizi inabadilika. Utafiti wa picha za satelaiti uliotolewa 2024 ulionyesha maziwa ya magadi ya Afrika Mashariki yakijaa, na chakula cha heroe, ndege ambao wengi tunawaita flamingo, kikipungua. Natron ndiko wanakozaliana kwa wingi kuliko kokote duniani. Ndiyo maana mpango wa kiwanda pale ulizua kelele nyingi, na kampuni ya Tata ikajitoa 2008.

Tunachopaswa kuuliza

Kuhamia Engaruka kulipunguza ugomvi huo, lakini hakujamaliza hesabu. Kiwanda cha magadi kinahitaji maji baridi, na wafugaji na wakulima wa Engaruka wanategemea vijito hivyohivyo. Kiwanda kitachota wapi? Maji machafu yataenda wapi? Mvua ikizidi au ikikata miaka mitatu mfululizo, nani anapunguziwa kwanza: mashine au ng'ombe?

Majibu hayo yatolewe hadharani, kwa takwimu, kabla mitambo haijafungwa. Sisi wa Dar tunajua mgao wa maji ulivyo Mto Ruvu unapopungua. Mtu wa Engaruka hana Ruvu wala bomba la kusubiri, ana kijito tu.