Mgeni na Adabu Yake

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Neno hili ni kweli huko Unguja, maana wageni wanunuao pweza na mishikaki Forodhani wakati wa jioni huwapatia wenyeji riziki. Lakini mgeni asiye na adabu hamponyi mtu.

Katika kisiwa cha Changuu wako kobe wakubwa, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Si vema kuwapanda migongoni kwa mzaha. Tena katika msitu wa Jozani wako kima punju, wasiopatikana po pote duniani ila Zanzibar. Ukiwakaribia mno na kuwalisha, waweza kuwaambukiza maradhi.

Basi nanyi mkienda, tazameni kwa mbali. Wanyama hawa wakiisha, mgeni wa kesho atakuja kuona nini, na mwenyeji ataponywa na nani?