Lee alivuka bahari, DVD yake ikakatazwa mpakani

Haya jamani, leo nina hasira kidogo, kwa hiyo nivumilieni.

Juzi wakati wa chakula cha mchana nilibishana na jamaa mmoja wa kazini. Yeye anashikilia kwamba Wakenya walizoea filamu za wizi kwa sababu hatupendi kulipa. Basi. Tabia mbaya, mazungumzo yamekwisha. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, maana mdomo wangu ulikuwa umejaa chapati.

Jibu langu ndilo hili: waliotufundisha kununua kopi feki ni wale wale waliouza kopi halali. Ushahidi ninao hapa mezani. Ni DVD ya Rush Hour.

Kwa wale wasioijua, Rush Hour ilitoka Marekani Septemba 1998, ikiongozwa na Brett Ratner. Jackie Chan ni Lee, mpelelezi kutoka Hong Kong. Binti wa konsuli wa China anatekwa nyara Los Angeles, na Lee anapanda ndege kwenda kumtafuta. FBI hawamtaki. Wanamsukumia polisi wa Los Angeles anayeitwa Carter, yaani Chris Tucker, amzungushe mjini ili asiwasumbue. Mmoja anaongea kwa mikono na miguu, mwingine anapigana kwa mdomo. Wanaanza kwa kudharauliana na wanamaliza kama ndugu. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani.

DVD yake ilitoka 1999. Ndani kuna mengi kuliko filamu: kuna maelezo ya Ratner yanayoenda sambamba na picha, na kuna Lalo Schifrin akizungumzia muziki alioutunga. Schifrin ndiye aliyetunga pia muziki wa Enter the Dragon ya Bruce Lee, 1973. Kwa mpenzi wa filamu za kareti, hiyo ni mali.

Mwaka 2007, nikiwa darasa la chini bado, mjomba alirudi kutoka Marekani na diski hiyo. Halali kabisa, imenunuliwa dukani, risiti ipo. Jioni familia nzima ikakaa, soda zikafunguliwa. Deki ikaimeza diski, ikanguruma, kisha skrini ikaandika kwamba namba ya eneo si sahihi. Tukaitoa, tukaipangusa kwa fulana, tukairudisha. Jibu lile lile.

"Mjomba, imeharibika?"

"Haijaharibika, mwanangu. Inasema hatuko mahali pake."

Kesho yake mjomba alinipa shilingi 50 nikanunua kopi feki kwenye kibanda cha karibu na stendi. Picha haikuwa nzuri sana, lakini ilicheza. Tukacheka mpaka mwisho, hadi zile sehemu ambapo Jackie Chan na Tucker wanakosea maneno yao. Nauliza: siku ile nani alipewa somo, na somo lenyewe lilikuwa nini?

Sasa tuingie kwenye ufundi kidogo. Wenye DVD waliigawa dunia katika maeneo sita. Marekani na Kanada ni 1. Ulaya Magharibi na Japani ni 2. Hong Kong ni 3. Australia na Amerika ya Kusini ni 4. China bara ni 6. Kenya iko 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. Afrika Kusini iliwekwa 2, kwa hiyo hata mtu wa Nairobi na mtu wa Johannesburg hawawezi kuazimana diski zenye namba.

Hebu rudi kwenye hadithi. Lee anatoka eneo 3 kwenda kusaidia watu wa eneo 1. Filamu nzima inawacheka wakubwa wanaodhani mtu wa ng'ambo hana kazi hapa. Kisha filamu hiyo hiyo inawekwa ndani ya diski ambayo Lee mwenyewe, akinunua moja Los Angeles na kurudi nayo Hong Kong, deki ya nyumbani kwake ingemkatalia! :-)

Hapo ndipo jamaa yangu husema, "Lakini ni kwa ajili ya kuzuia wizi." Hapana. Namba ya eneo haizuii wizi hata kidogo. Kazi yake ni kuziruhusu kampuni za filamu zitoe filamu kwa tarehe tofauti na bei tofauti katika kila sehemu ya dunia. Mjomba hakuiba kitu. Alilipa bei kamili, kisha akavuka mpaka na mali yake.

Kufuli la kuzuia wizi ni jingine, linaitwa CSS. Data ya filamu imevurugwa kwa ufunguo wa biti 40, na deki ina funguo za kuifungulia. Kwa kompyuta, biti 40 ni mlango wa mabati. Oktoba 1999 ilitoka programu ya DeCSS, na kijana wa Norway wa miaka 15, Jon Lech Johansen, alikuwa mmoja wa walioifanyia kazi. Alishtakiwa. Mahakama ikamwachilia Januari 2003, na baada ya rufaa ikamwachilia tena Desemba mwaka huo. Mtu kufungua diski aliyoinunua mwenyewe haikuonekana kuwa uhalifu.

Lakini sikiliza jambo ambalo kila mwandishi wa programu analiona mara moja. Mwenye kiwanda cha kugonga diski feki hahitaji kuvunja CSS. Ananakili kila biti jinsi ilivyo, kufuli na funguo zake zote, na deki haitaona tofauti. Anayekwama ni mtu wa nyumbani, kwa sababu diski tupu zinazouzwa madukani zimezibwa pale sehemu ya funguo inapokaa. Kwa hiyo kufuli lilimruka mwizi wa jumla likamkamata mama anayetaka nakala ya akiba kabla watoto hawajaikwaruza. Mimi nikiandika programu ya malipo inayomkataa mwenye akaunti na kumpitisha tapeli, nitafukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Nilipofika chuo nilijaribu ile diski kwenye laptopu. Viendeshi vya DVD vya kompyuta vilivyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 vinakuruhusu kubadilisha eneo mara tano tu. Ya tano ndiyo inabaki milele. Wenzangu wa chumbani walikuwa wamezimaliza zote kwa diski zao, na kiendeshi kikaganda kwenye eneo 2. Kiendeshi changu, nilichonunua kwa pesa ya kibarua! Mwishowe niliicheza kwa VLC, programu huria iliyoanza kama mradi wa wanafunzi huko Ufaransa. Haikuuliza natoka wapi. Hivyo ndivyo nilivyomsikia Schifrin kwa mara ya kwanza, miaka kadhaa baada ya mjomba kulipia.

Na tazama sheria inavyokaa. Marekani ilipitisha sheria ya DMCA Oktoba 1998, wiki chache tu baada ya Rush Hour kuingia sinema, na ndani yake kuvunja kufuli la aina hii ni kosa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 nayo inakataza kukwepa vizuizi vya kiufundi. Yaani mnunuzi halali anayetaka kutazama diski yake anasogezwa karibu na kosa na kifaa alichokinunua.

Sisemi wasanii wasilipwe. Jackie Chan amevunjika mifupa kutuchekesha, na wapo wengi nyuma ya kamera ambao majina yao hatuyasomi. Mimi pia naishi kwa kuuza programu, na kopi ya wizi inaniuma. Ndiyo maana nasema: ukitaka watu walipe, anayelipa apate kitu bora kuliko asiyelipa. Huku kwetu ilikuwa kinyume. Kopi ya shilingi 50 ilicheza kwenye kila deki. Kopi ya dola ilihitaji pasipoti.

Mtasema DVD imekufa, mbona unapigana na marehemu? Kwa sababu wazo lenyewe halikufa. Blu-ray iliigawa dunia mara tatu: Marekani na Hong Kong sasa ziko A, hongereni Lee na Carter, lakini Afrika iko B na China bara C. Huduma za kutazama filamu mtandaoni zinakagua uko nchi gani kabla ya kukuonyesha orodha, na filamu inaweza kuondolewa usiku umelala. Hapo hata diski ya kupangusa kwa fulana huna.

Kwa hiyo, rafiki yangu wa chapati, usinihubirie kuhusu tabia za Wakenya. Niambie kwanza: aliyelipa, alipata nini? Ukinunua filamu, kitabu cha kielektroniki au programu, uliza maswali matatu. Itafunguka nikihama nchi? Itafunguka muuzaji akifunga duka? Naweza kumwachia mwanangu? Jibu likiwa hapana mara tatu, hujanunua. Umekodi, kwa bei ya kununua.

Diski ya mjomba bado inacheza. Kiendeshi nacho nimekitunza kwenye kabati, kimefungwa kwenye soksi. Mwenye Rush Hour 2 ya eneo lolote aje nayo, tutaitazama.