Deni la Nyumba

Mafanikio hutajwa kwa jina la mtu mmoja, lakini gharama yake hulipwa na wengi. Katika uwanda wa Ruzizi, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kamanyola kupitia Luvungi na Luberizi hadi kufika Uvira, jambo hili halihitaji hoja ndefu. Mwanamume anayesifiwa sokoni kuwa mkulima hodari wa mpunga ana nyuma yake mke aliyeinama matopeni kupandikiza miche, watoto waliofukuza ndege shambani tangu alfajiri, na mara nyingi binti aliyeacha darasa ili mdogo wake apate wa kumbeba. Mavuno yakiuzwa, jina ni la baba. Pikipiki ikinunuliwa, ni ya baba. Akichaguliwa kuongoza chama cha wakulima au kukaa na wazee mbele ya mwami, mtawala wa jadi, heshima nayo ni ya baba. Nyumba ndiyo iliyotoa mtaji, na haikuandikwa popote.

Ndiyo maana hukosea wanaosema kwamba kazi na familia ni mizigo miwili ya kupimwa huku na huku. Familia si mzigo. Familia ni mdai. Mtu anayetaka mafanikio yake yadumu hana budi kuitambua nyumba yake kuwa mdai wa kwanza, na mdai ana haki mbili zisizopingika: kuulizwa kabla deni halijachukuliwa, na kulipwa kabla wengine hawajalipwa.

Akina mama wa uwandani wanaielewa kanuni hii kuliko wahubiri wengi, kwa sababu wanaiishi katika likelemba. Kila mmoja huchanga fungu lake wiki kwa wiki, na kila zamu mmoja hupokea chungu chote. Anayepokea wa kwanza ndiye mwenye bahati, na papo hapo ndiye mwenye deni kubwa kuliko wote, maana amekula michango ya wenzake ambao bado hawajaonja kitu. Akiacha kuchanga baada ya zamu yake, hakuna atakayemwita mjanja. Ataitwa mwizi, na jina hilo litamfuata hata akihamia Bukavu. Mtu aliyefanikiwa katika nyumba ni kama aliyepokea wa kwanza. Ndugu waliuza mbuzi ili yeye amalize sekondari. Mke aliuza sombe na mihogo ili yeye apate nauli ya kwenda kutafuta kazi. Zamu yake ilipofika alipokea chungu chote. Swali la maisha yake yote yanayofuata ni moja: je, anaendelea kuchanga?

Mfano mkubwa wa jambo hili unapatikana karibu na Luberizi kuliko wengi wanavyokumbuka. Katika milima inayoutazama uwanda kutoka magharibi iko Lemera, na katika hospitali ya Lemera ndiko Denis Mukwege alikoanza kazi ya udaktari baada ya kuhitimu Bujumbura mwaka 1983. Alizaliwa Bukavu tarehe 1 Machi 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa mtoto alimfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, akauliza kwa nini baba hatoi dawa. Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Wito wa maisha yake ulianzia pale, katika mazungumzo ya baba na mwana njiani. Baba huyo alikuwa na kundi zima la kuchunga, na bado alitembea na mwanawe akajibu swali lake. Hilo halikumgharimu faranga hata moja.

Lemera ilimwonyesha daktari kijana wanawake waliofika wakiwa wamechelewa, wengine wakifa kwa uzazi, wengine wakibaki na majeraha ya maisha. Alikuwa amekusudia kuwatibu watoto, akabadili nia, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Angeweza kubaki huko na kulea watoto wake katika utulivu. Mwaka 1989 alirudi Lemera. Mwezi Oktoba 1996, vita vilipoanza, hospitali ile ilishambuliwa, na zaidi ya watu 30, wagonjwa na wahudumu, wakauawa. Mukwege, aliyekuwa mkurugenzi wao, hakuwapo siku hiyo. Mwaka 1999 akaanza upya kwa kuanzisha hospitali ya Panzi, kusini mwa Bukavu.

Sifa za dunia zilifuata: tuzo ya Sakharov mwaka 2014, na Nobeli ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Lakini anayesoma orodha ya tuzo peke yake hajasoma hesabu yote. Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake Bukavu wakati yeye hayupo, wakawashika binti zake na kumngojea. Aliporudi, mlinzi wa nyumba alijaribu kumwonya, akapigwa risasi, akafa. Daktari aliponea chupuchupu. Usiku ule nyumba ndiyo iliyolipa, na ndani ya nyumba walilipa wasiokuwa na sauti katika mapambano ya baba: mabinti, na mtu mwaminifu aliyekuwa mlangoni. Familia ikakimbilia Ulaya.

Kilichomrudisha kinastahili kuangaliwa kwa makini. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi waliuza mananasi na vitunguu ili kuchangia tiketi yake ya ndege, na wanawake wakaahidi kumlinda wenyewe kwa zamu. Alirudi Januari 2013, na umati ukajipanga barabarani kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu hadi mjini. Baada ya hapo maisha yake yalihamia ndani ya uzio wa hospitali, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Wanawake wale hawakuwa matajiri. Walimfanyia yale ambayo wenye likelemba humfanyia mwenzao asiyeacha kuchanga: zamu yake ya shida ilipofika, nao walichanga. Uongozi wa aina hii hautegemei kiti. Mukwege aligombea urais wa Kongo Desemba 2023 akapata chini ya asilimia 1 ya kura, na kesho yake Panzi ilikuwa bado ni Panzi.

Wachache wataitwa kubeba mzigo wa namna hiyo, lakini haki ya kuulizwa ni ya kila nyumba. Katika Kivu bado ni kawaida mume kurudi na uamuzi ulioiva: ameacha kazi, amekopa, amekubali kuwa chefu wa kijiji, au amejiandikisha jeshini. Mke husikia pamoja na majirani. Mke wa askari huhama na mumewe kila anapohamishwa, akianza upya kutafuta shamba la kukodi na shule ya watoto. Mke wa mfanyabiashara hubaki na wadai mlangoni. Kuuliza hakumpunguzii mwanamume heshima. Mama aliyeulizwa akakubali, siku mambo yakienda mrama atasema "tulikosea". Asiyeulizwa atasema "ulikosea", na mwenye haki ni yeye. Zaidi ya hapo, mara nyingi mama ndiye anayejua gunia limebaki na kiasi gani. Kuamua bila yeye ni kusafiri usiku na kumwacha nyumbani mwenye taa.

Kulipa nako kusieleweke kuwa ni fedha tu. Wapo wanaotuma fedha kila mwezi kutoka Bukavu, Goma au Lubumbashi, na watoto wao wanaifahamu sauti ya baba kwa simu peke yake. Ada ya shule imelipwa, deni halijalipwa. Mtoto anadai pia jioni: bugali inayoliwa pamoja, swali linalojibiwa, kosa linalokemewa na mtu anayempenda. Madai haya yana muda wake. Fedha iliyochelewa mwaka mmoja bado ni fedha, lakini mwana aliyefikisha miaka 17 bila baba hawezi kulipwa utoto wake. Atautafuta ukubwa mahali pengine, na uwandani humu wapo wanaomngoja kijana wa namna hiyo wakiwa na bunduki ya kumpa.

Kwa wakazi wa Luberizi neno "kudumu" lina uzito wake. Mabati, ng'ombe na mavuno ya msimu mzima vimepotea mara nyingi kwa usiku mmoja tangu 1996. Februari 2025, mapigano yalipoukaribia uwanda, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi, wengi wakijikuta wamelala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Hakuna aliyevuka na nyumba yake ya matofali. Walivuka na watoto mgongoni, pamoja na watu ambao miaka yote waliwatendea mema au mabaya. Aliyekuwa ameweka akiba yake yote katika mali alifika ng'ambo akiwa maskini kabisa. Aliyekuwa ameiweka pia katika watu alifika akiwa na cha kuanzia.

Kiongozi ana tahadhari moja zaidi. Asiyeandaa wengine wa kushika kazi yake huigeuza nyumba yake kuwa mateka wa kazi hiyo daima, kwa kuwa hakuna siku atakayoweza kuiacha. Panzi ilifundisha madaktari na wauguzi wengine, na zaidi ya wanawake 50,000 waliotibiwa humo wasingeweza kutibiwa na mikono miwili. Chefu, mchungaji, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa chama wafanye vivyo hivyo, tena mapema, wakingali na nguvu.

Kiongozi aliyejua kuiachia kazi ni Julius Nyerere wa Tanzania. Alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, mshahara ulikoma, na mkewe, Mama Maria, akaendesha biashara ya duka dogo ili familia ipate chakula. Miaka 30 baadaye, mwaka 1985, aliacha urais kwa hiari, na mwaka 1990 uenyekiti wa chama. Akarudi kijijini kwake Butiama pamoja na mkewe, akashika jembe.